Ng'ombe Hanenepeshwi Siku ya Mnada

Hotuba iliyotolewa kwa vijana wa Chama, Voi



Leo tumekuja kusema juu ya kilo. Tunajua wako watakaocheka na kusema, "Chama kimeacha habari ya ardhi na maji, kimekuja kutupima kama mbuzi!" Na wacheke, lakini wasikilize mpaka mwisho.

Matangazo ya kuandikisha makuruta wa Jeshi la Ulinzi la Kenya yamekuwa yakisema wazi kwamba urefu usipungue mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3. Uzito wa mwanamume usipungue kilo 54.55, ambazo ni ratili 120, na wa mwanamke usipungue kilo 50, ambazo ni ratili 110. Urefu ni majaliwa ya Mungu. Cheti cha shule umekwisha kukipata au kukikosa. Uzito waweza kuutengeneza kabla ya siku kufika, na ndio tusioukumbuka mpaka asubuhi ya siku ile ile.

Mara ya mwisho vijana wa tawi hili walipokwenda kujaribu, tuliwachangia nauli, na mmoja wao tukamnunulia raba za kukimbilia. Kijana yule alikimbia akawa miongoni mwa wa mbele. Meno yake yalitazamwa, yakawa mazuri. Nyayo zake zikawa nzuri. Akapanda mizani, ikasema kilo 51. Akaondolewa mstarini. Jioni alipotuona aliuliza neno moja tu: "Mbona hamkuniambia mapema?" Hatukuwa na jibu. Tulimpa raba, lakini hatukumwuliza anakula nini. Kwao hupikwa mara moja kwa siku, ugali na mboga. Kosa lile ni letu sisi viongozi, na tunalikiri hapa mbele yenu.

Tena asubuhi ile watu wazima walikuwa wamemshauri anywe maji mengi ili mizani idanganyike. Ndugu zetu, lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo ni kweli. Lakini baada ya saa chache imekwisha kwenda zake chooni. Na anayejaza tumbo maji mengi kwa haraka huipunguza nguvu chumvi iliyomo katika damu; mtu aweza kupata kifafa hata akafa. Wengine hushauri njia ya bahasha. Kuandikishwa ni bure, na hongo ni kosa la jinai. Hata kama bahasha ingekubaliwa, haiongezi nyama mwilini. Shule ya makuruta iko Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwenye baridi tusiyoizoea sisi wa Voi. Aliyekwenda huko mwili mtupu, kwa kukimbia na kubeba mizigo kila siku, mifupa ya miguu yake hupata nyufa, naye hurudishwa nyumbani akichechemea. Kanuni ile ya kilo haikuwekwa kwa kuwaonea maskini.

Basi hesabu ni hii. Kijana wa kilo 51 amepungukiwa kilo tatu na nusu na kidogo. Mwili ulio mzima, ukilishwa vizuri, waweza kuongeza kama nusu kilo kwa juma. Hiyo ni zaidi ya majuma saba. Anayengoja tangazo litoke ndipo aanze kula, amechelewa. Wahenga wa mnadani walisema ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada.

Ale nini? Hatusemi nyama kila siku. Tunajua mifuko yetu. Tunasema uji wa wimbi uliotiwa karanga zilizopondwa, asubuhi kabla ya kazi. Tunasema pojo, kunde na maharagwe pamoja na ugali, kwa maana ugali peke yake hushibisha lakini haujengi misuli. Tunasema kimanga cha mama zetu, omena, yai, parachichi, na maziwa yakipatikana. Halafu afanye kazi ya nguvu, achote maji na kulima, ili chakula kiwe misuli. Na kijana anayekula vizuri bila kuongezeka aende zahanati. Huenda ana minyoo au kifua kikuu, na maradhi hayo yana dawa.

Wazee mtakumbuka habari mlizosimuliwa na baba zenu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, reli ilijengwa kutoka hapa Voi kuelekea Maktau, na watu wetu walikokotwa kuwa wapagazi. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilipowakusanya kwa nguvu nchi nzima, wengi walionekana hawafai kwa udhaifu wa mwili. Waliochukuliwa walipewa posho ya unga usioiva vizuri. Kuhara, malaria na homa ya mapafu viliwaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilipita wafu 40,000. Mkoloni alitaka mabega ya mtu, tumbo lake halikumhusu. Je, sisi tulio huru tutataka kijana ailinde nchi bila kujali amekula nini?

Mkoloni huyo huyo kwao alitenda vingine. Katika vita vya Afrika Kusini vilivyoanza 1899, vijana wengi wa miji ya viwanda kama Manchester walikataliwa jeshini kwa unyonge. Serikali yao ikaunda kamati, na mwaka 1906 ikatungwa sheria ya kuwapa chakula watoto wahitaji mashuleni. Nao Wamarekani, ambao taabu yao ni unene, mwezi wa Agosti 1922 haukuwa. Ilikuwa juzi tu, Agosti 2022, walipofungua mafunzo ya matayarisho huko Fort Jackson. Kijana aliyezidi mafuta kidogo hupewa hadi siku 90 apunguze, ndipo aingie mafunzo ya uaskari. Hawakumwambia arudi kwao akajitegemee.

Chama hakina fedha za Marekani. Lakini kina akina mama wenye sufuria, wakulima wenye pojo, na waalimu wanaojua kuandika daftari. Kwa hiyo kamati imekata shauri hivi: kila kijana anayetaka kwenda, msichana kwa mvulana, atapimwa sasa na kila baada ya majuma mawili, na kilo zake ziandikwe. Kila asubuhi sufuria moja ya uji itapikwa ofisini. Mwenye debe la wimbi alete, mwenye kuni alete. Waliozidi uzito nao waje. Hao watapunguza sukari, mandazi na soda, na watakimbia pamoja na wenzao.

Hatuwaahidi kwamba wote mtachukuliwa, kwa sababu nafasi ni chache na wanaotaka ni wengi. Atakayeachwa kwa sababu nyingine atarudi na mwili wenye afya, nao utamfaa shambani. Lakini asirudi tena kijana wa tawi hili kwa kukosa uji.

Kijana yule wa kilo 51 yuko hapa leo, na umri wake bado unamruhusu kujaribu tena. Yeye ndiye atakayeandikwa wa kwanza. Mizani tumeazimwa, upimaji ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, hapa hapa ofisini. Njooni kabla ya kunywa maji.