Ukatili wa Nyumbani na Mahali pa Kupata Msaada

Ukatili wa nyumbani ni tendo lolote la kumtawala kwa nguvu au kwa woga mtu wa nyumba moja: mke, mume, mtoto, mzazi mzee. Kipigo huonekana upesi. Lakini matusi ya kila siku, vitisho vya kumfukuza mama abaki bila watoto, kumlazimisha mke tendo la ndoa na kumnyang'anya mapato yake ni ukatili vilevile.

Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward nchini Kongo (DRC), pesa ya samaki huzua ugomvi mwingi. Mitumbwi ikifika asubuhi, akina mama hununua tilapia, huwapasua, huwatia chumvi au kuwakausha kwa moshi, kisha huwapeleka soko la Kiwanja. Mama akirudi, mume akaidai pesa yote na kumpiga, majirani husema ni mambo ya ndani. Sivyo kabisa. Sheria ya Kongo inaadhibu kumpiga na kumjeruhi mtu, hata akiwa mke wa ndoa. Zamani mke alihitaji ruhusa ya mume kununua au kuuza mali, hata kufungua kesi ya madai. Marekebisho ya Sheria ya Familia ya mwaka 2016 yaliifuta ruhusa hiyo.

Aliyebakwa aanzie kituo cha afya, kabla ya baraza lolote. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Nguo alizovaa asizifue. Majeraha makubwa hupelekwa Hospitali Kuu ya Rutshuru. Goma, hospitali ya HEAL Africa hutibu na kutoa ushauri wa moyo. Daktari aombwe cheti cha matibabu, kwa kuwa ni ushahidi, hata kesi ikichelewa kwa sababu ya vita.

Wazee na shefu wanaweza kusuluhisha ugomvi wa maneno. Ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wala faini: tangu sheria za 2006 kuhusu ukatili wa kingono, ni kazi ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) na mahakama.

Anayepanga kuondoka yuko hatarini zaidi siku hizo hizo. Kadi ya uchaguzi, karatasi za watoto na akiba kidogo viwekwe mapema kwa ndugu anayeaminika, na mume asijue siku wala njia.