Nguo Yenye Jina: Kiswahili katika Masomo ya Ubunifu wa Nguo Chuo Kikuu



1.0 Utangulizi

Yamkini wapo miongoni mwenu wanaojiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika karakana ya nguo. Swali hilo ni la haki. Isimu ni taaluma ya lugha, ilhali nguo ni kazi ya uzi, rangi na mikono. Hata hivyo, Afrika Mashariki ina vazi ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa limekamilika mpaka liandikwe. Vazi hilo ni kanga, ambayo Mombasa huitwa pia leso.

Taaluma ya nguo imekwisha kuingia katika vyuo vikuu vyetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ubunifu na teknolojia ya nguo. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, kinachofundisha uhandisi wa nguo, kilikinunua kiwanda cha Rivatex cha Eldoret mwaka 2007. Hoja yangu leo ni kwamba mwanafunzi wa ubunifu wa nguo anayehitimu bila kuufahamu msamiati wa Kiswahili wa fani yake, na bila kuielewa lugha inayoandikwa juu ya nguo, amehitimu nusu.

2.0 Msamiati Tulio Nao

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia taaluma za kiufundi. Katika nguo, dai hilo halina mashiko. Waakiolojia waliochimba Kilwa walipata vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, ushahidi kwamba watu wa pwani walisokota pamba karne nyingi kabla ya kuja kwa viwanda. Ufundi hauishi bila maneno yake. Nyuzi zinazotandwa kwa urefu wa nguo huitwa mtande, neno litokanalo na kitenzi kutanda. Zile zinazopitishwa kwa upana huitwa mshindio. Maneno hayo yamo katika kamusi zetu, lakini si ajabu kumkuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye hajapata kuyasikia darasani.

Biashara nayo ilileta yake. Merikani ni nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyoitwa kwa jina la nchi ilikotoka, kwani katika karne ya 19 ilisafirishwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Leso ni neno la asili ya Kireno. Tunasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakashona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Ubunifu huo haukusubiri shahada.

Kanga yenyewe ina istilahi kamili. Ukingo unaoizunguka pande zote nne ni pindo, kutokana na kupinda. Uwanja wa katikati ni mji. Maandishi yaliyo ndani ya mji, karibu na pindo la chini, ni jina. Kanga mbili zilizo pacha ni doti. Mnunuzi yeyote wa Kariakoo anayajua maneno haya. Ni mtaala tu usioyajua.

3.0 Jina kama Sehemu ya Ubunifu

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesanifu kanga nzuri sana. Nakshi za korosho katika pindo zilikutana pembeni bila kukatika, na rangi tatu alizochagua zilipatana. Mahali pa jina alipaacha patupu, akieleza kwamba kiwanda kingejaza. Bibi mmoja aliyekuwa ameuza kanga kwa miaka mingi akamwuliza, "Mwanangu, kanga hii jina lake nani?" Mwanafunzi akajibu kwa heshima, "Ni namba kumi na nne, bibi." Bibi akasema, "Hiyo ni hesabu yenu. Mimi nauliza jina."

Swali lile lilikuwa la kitaaluma. Kanga huulizwa dukani kwa jina lake, na huzawadiwa kwa sababu ya jina lake. Kumwachia mwingine jina ni sawa na mjenzi kumwachia mwingine mlango.

Tena, jina huleta matatizo ya usanifu ambayo ni ya kiisimu. Kwanza, Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Tungo kama *nilichokutendea* ni neno moja lenye silabi saba na herufi kumi na tano. Msanifu hawezi kulikata popote apendapo ili lienee nafasi. Pili, maneno ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na majina ya kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa. Kwa hiyo A, I na U zitajirudia mno, na K, W na N zitazifuata kwa karibu, ilhali Q na X hazitahitajika kabisa. Anayechora herufi za kanga kwa kuiga vitabu vya lugha nyingine huchora kwa ajili ya maneno yasiyokuwapo. Majina ya zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hapo mkono wa mwandishi ulifuata mwendo mwingine kabisa.

Tatu ni suala la maana. Katika majina mengi, viambishi vya nafsi husema "wewe" au "yeye" pasipo kumtaja mtu. Mvaaji aweza kumlenga jirani, na papo hapo akakana kwamba amemlenga. Msanifu asiyeuelewa utata huu ataandika matusi akidhani ni fumbo, au ataandika tangazo lisilomgusa mtu.

Utafiti juu ya jambo hili upo. Saida Yahya-Othman aliandika kuhusu majina ya kanga na sauti ya wanawake mwaka 1997, kwa Kiingereza. Kitabu cha Rose Marie Beck kuhusu maandishi ya nguo hizi kilitoka mwaka 2001, kwa Kijerumani. Maarifa yaliyochumwa katika Kiswahili hayana budi kurudi kwa wenye Kiswahili.

4.0 Mapendekezo

Ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, idara za nguo na idara za Kiswahili zianzishe kozi ya pamoja, ambayo mwanafunzi ataimaliza kwa kusanifu doti kamili: pindo, mji na jina. La pili, istilahi zikusanywe kwanza kwa wafumaji, mafundi cherehani, wachapaji na wauzaji, kisha zipelekwe BAKITA zisanifiwe. Pale pasipo neno, tunyambue au tutohoe. Skrini na poliesta zimekwisha kuzoeleka na hazina ubaya. La tatu, mwanafunzi aruhusiwe kuitetea kazi yake ya mwisho kwa Kiswahili mbele ya jopo lenye angalau fundi mmoja wa sokoni.

Najua nitaambiwa kwamba soko ni la dunia na lugha yake ni Kiingereza. Sipingi Kiingereza kufundishwa. Lakini tuitazame hali ilivyo. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa miongoni mwa vile vilivyochapa kanga hapa nchini. Leo kanga nyingi tunazovaa huchapwa nje, hususan India. Mitambo na bei tumeshindwa navyo kwa sehemu kubwa. Kinachobaki mikononi mwetu ni mchoro na neno, navyo ndivyo vitakavyomlisha kijana wetu mhitimu. Tukimnyima neno, tumemwachia nusu ya mtaji.

5.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, chuo kikuu hakimfundishi Mswahili kuvaa. Kinaweza, hata hivyo, kumfundisha kijana kusoma kile mama yake alichojifunga kiunoni, na kukitungia mwenziwe kilicho bora zaidi. Kazi hiyo ni ya idara mbili zilizotenganishwa na ukumbi mmoja tu. Naomba milango ifunguliwe.