Jiko la Makaa Chumbani

Leo tutazame jinsi makaa yanavyoungua. Sehemu kubwa ya makaa ni kaboni. Hewa ikiwa tele, kila atomu moja ya kaboni huungana na atomu mbili za oksijeni, ikawa kaboni dioksidi. Hewa ikiwa haba, hupata atomu moja tu, ikawa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni, na aliyelala huenda asiamke tena. Basi katika mtihani kumbukeni: CO₂, oksijeni mbili, CO, oksijeni moja. Na nyumbani, litoeni jiko nje kabla ya kulala, hata kama halitoi moshi.