Wanaojifunza Kututibu Nao Waulizwe

Msikilizaji uliye Mbaraki, Mji wa Kale au ng'ambo ya Likoni, ukizidiwa na maradhi huenda ukafikishwa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani. Hapo, mbali na daktari bingwa, utawakuta wanaojifunza kazi: vijana wa chuo jirani cha mafunzo ya tiba, KMTC, na madaktari wanagenzi. Nasema leo kwamba jinsi vijana hao wanavyoyaona mazingira ya masomo yao ni suala la usalama wako wewe mgonjwa, na wakuu wao wana wajibu wa kuwauliza mapema, wasingoje mgomo. Njia ya kuuliza ipo. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walitoa dodoso liitwalo DREEM, lenye kauli 50 na jumla ya alama 200. Mwanafunzi hueleza anavyouona ufundishaji, walimu, maendeleo yake kimasomo, hali ya chuo na maisha yake na wenzake. Ubora wake ni kuwa linapambanua malalamiko: bweni bovu huhesabiwa kando na mwalimu mwenye dhihaka.

Wapo watakaosema wanafunzi hawakosi la kulalamikia, na udaktari si lelemama. Kweli, nukta moja ikikosewa kwenye kipimo cha dawa, mtu hufa. Ukali una mahali pake. Lakini kusahihisha ni kimoja na kudhalilisha ni kingine. Fikiria: wanafunzi wamekizunguka kitanda, mmoja anaulizwa kipimo cha dawa, anababaika, anafokewa mgonjwa akisikia. Kipimo huenda asikishike, kunyamaza atakushika. Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alikuta kwamba wodi zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Si kwamba zilikosea zaidi. Watu wake hawakuogopa kusema. Kosa likisemwa hurekebishwa, likifichwa hurudiwa.

Wengine watasema tatizo ni pesa. Hilo silipingi. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kilikuwa malipo ya wanagenzi: chama cha madaktari kikishikilia shilingi 206,000 kwa mwezi kwa mujibu wa mkataba wa 2017, serikali ikitaka kutoa 70,000. Dodoso halilipi mshahara. Hata hivyo, kipindi kuanza kwa wakati, mwalimu kueleza kosa bila matusi, na mwanafunzi kujua amwone nani akilemewa, hayo hayangoji bajeti kutoka Nairobi. Basi waulizwe kila wamalizapo zamu ya wodi, bila kuandika majina, na wakuu watangaze walichobadilisha na walichoshindwa, pamoja na sababu. Wakikaa kimya, dodoso lijalo litajazwa ili liishe tu, nasi tutabaki tukitibiwa na watu tusiojua walifunzwa vipi.