Ruzuku Ipo, Mkulima Aelekezwe

Msikilizaji, mipango ya serikali kwa mkulima wa kihamba, shamba la nyumbani la Mlima Kilimanjaro, awe Kibosho au Marangu, ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwelekeza. Tangu msimu wa 2022/2023 kuna mbolea ya ruzuku, lakini haipatikani mpaka mkulima aandikishwe kijijini na kupewa namba. Miche ya kahawa inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani inatoka Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), Lyamungo. Kibali cha kutumia maji ya mto kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, mjini Moshi. Ofisi tatu, kila moja mahali pake, na anayetakiwa kuzizungukia huenda ni bibi aliyebaki shambani peke yake.

Na shamba hilo linatuhusu sote. Kihamba, yaani migomba na kahawa chini ya miti mirefu, ndicho kinachoshika udongo wa mlima. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) limekitambua kile cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo duniani. Kukihifadhi si hisani kwa mkulima. Ni faida yetu sote.

Basi kila kata iandae orodha moja: huduma, ofisi, nyaraka, tarehe. Ibandikwe ofisi ya kijiji, isomwe kanisani, msikitini na siku ya soko. Haki isiyotangazwa huwafikia wenye jamaa ofisini tu.