Faili Ndogo Iliyofutwa, na Mafundi Wasiochoka Kurekebisha

(Maneno tuliyosema mbele ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Tulipoombwa tuzungumze juu ya kompyuta, tulisikia wengine wakinong'ona kwamba hayo ni mambo ya watu wa Nairobi. Haya, mwenye simu ya kugusa kioo aitoe mfukoni. Ndani ya simu hiyo mna programu ya kutunza kumbukumbu iitwayo SQLite. Majina ya watu unaowapigia hupangwa nayo. Na kikundi kinachoandika michango yake kwa simu au kompyuta huenda kinaitegemea bila kujua.

Sisi tuliijua kwa njia mbaya. Katika kikundi kimoja tunachokitembelea, hesabu za akiba na mikopo zilikuwa zikiwekwa katika kompyuta. Jioni moja stima ilipotea wakati katibu anahifadhi malipo. Asubuhi, kijana wetu mmoja akaona faili ndogo kando ya ile ya hesabu, jina lake likiishia na -journal. Akadhani ni takataka, akaifuta. Tangu hapo hesabu zikakataa kulingana. Kwa mama mmoja, pesa zilikuwa zimetoka kwenye akiba kulipa mkopo, lakini mkopo wenyewe haukupungua hata shilingi. Basi macho yote yakamgeukia katibu. Wiki tatu nzima mama huyo alipita njiani bila kusalimiwa. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliomshuku, na tulilazimika kumwomba msamaha mbele ya wanachama wote.

Kumbe ile faili ndogo ndiyo iliyokuwa dawa! Programu hii, kabla ya kubadilisha ukurasa wowote wa hesabu, kwanza hunakili ukurasa wa zamani jinsi ulivyo na kuuweka kando. Kisha ndipo huandika mapya. Ikimaliza salama, nakala ile huondolewa. Stima ikipotea katikati, siku ya kufungua tena programu huikuta nakala, ikarudisha kurasa zote kama zilivyokuwa. Kwa hiyo ama kazi imefanyika yote, ama haikufanyika kabisa, nusunusu hairuhusiwi. Sisi tuliifuta nakala kwa mkono wetu wenyewe, tukabaki na nusunusu. Kilichotuokoa ni risiti za karatasi, ambazo vijana walikuwa wanataka zitupwe.

Baada ya hapo tukataka kujua ni nani hao walioitengeneza. Mwanzilishi ni Mmarekani, D. Richard Hipp. Aliianza mwaka 2000, baada ya kufanya kazi ya programu ya meli ya kivita ya Marekani. Huko programu yake ilitegemea mtambo mwingine wa kumbukumbu, na mtambo ule ukizimika, yake nayo inakwama. Akajiuliza, mbona nisisome faili moja kwa moja? Kazi hiyo ameitoa kwa umma, haina hati ya kumzuia mtu. Na wanaoitunza ni wachache, si wengi kuliko kamati ya kikundi chenu.

Kazi yao kubwa sasa ni kuondoa kasoro, ambazo mafundi wa kompyuta huziita wadudu. Wana sharti moja tunalolipenda. Kasoro haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka waandike jaribio ambalo lingeionyesha, na jaribio hilo hubaki siku zote, ili kasoro ile ikirudi ikamatwe mlangoni. Katika toleo la mwaka 2023, programu yenyewe ilikuwa na mistari kama 156,000, lakini majaribio yake yalizidi mistari milioni 92. Hata kupotea kwa stima hukuigiza makusudi, tena na tena.

Na bado walipitwa. Mwezi wa Oktoba 2000 iliingia kasoro ambayo haikuondolewa mpaka Julai 2022. Miaka karibu 22! Urefu wa maandishi ulikuwa unahesabiwa kwa namba isiyoweza kupita 2,147,483,647. Siku zile ni kompyuta gani ingebeba maandishi marefu namna hiyo? Lakini mashine zikakua. Ukiipa maandishi makubwa mno, namba inafurika kama debe chini ya mfereji, na programu inaweza kuanguka. Wachunguzi wa usalama ndio walioigundua. Kosa halikuwa la uzembe. Dunia ilibadilika, mstari ukabaki palepale.

Kuna kasoro nyingine ambayo hawakuiondoa, na juu ya hiyo tulibishana ofisini hadi chai ikapoa. Kila mwanachama ana namba yake ya kumtambulisha, sivyo? Kwa kawaida namba hiyo haiwezi kuachwa tupu. SQLite ya zamani, kwa kusahau, iliruhusu iachwe tupu mara nyingine. Walipogundua, tayari watu wengi walikuwa na kumbukumbu zenye nafasi tupu. Kurekebisha kungewafungia nje. Wakaiacha, wakaandika wazi katika maelezo yao kwamba ndivyo ilivyo. Mwenzetu mmoja alisema kosa ni kosa. Sisi wengine tunaona walifanya sawa: huwezi kubadili kanuni leo ukawafukuza walioingia jana kwa mlango uliouacha wazi mwenyewe. Lakini anayewatengenezea daftari la wanachama mwambieni aandike NOT NULL kwenye namba hiyo. Ataelewa.

Basi mkirudi nyumbani: mkitaka kunakili faili ya hesabu, fungeni programu kwanza. Mkiona kando yake faili inayoishia na -journal au -wal, msiiguse, na kamwe msiitenganishe na mwenzake. Stima ikipotea, fungueni programu ileile kabla ya kufanya jambo lolote jingine. Wale mafundi wamesema wanakusudia kuitunza mpaka mwaka 2050, lakini hawawezi kurudisha kile ambacho mkono wako umefuta.

Katibu wetu bado anaandika hesabu, na sasa anatoa nakala ya karatasi kila Ijumaa. Tupokee maswali. Tuanze na mama aliye pale nyuma, ameinua mkono kitambo.