Siku ya Kliniki: Maneno ya Wanaoishi na Kisukari

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa jioni wa maadhimisho ya hekalu letu)



Twaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Katika sherehe za namna hii ni desturi kuwakumbuka waasisi, wajenzi na wafadhili, nao wamekwisha kupewa haki yao na wasemaji waliotutangulia. Sisi tumeombwa kuzungumzia jambo lililo dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo, nalo ni siku ya kliniki. Twasema kwa niaba ya wale wanaoishi na kisukari, ambao hukutana hapa baada ya arati ya Jumapili, kila mtu na sindano yake, kupima sukari na kutiana moyo. Miongoni mwetu wamo majirani wa mtaa huu, Waislamu na Wakristo, kwa kuwa maradhi haya hayamwulizi mtu anasali wapi.

Kisukari si kigeni kwa wahenga wetu. Waganga wa kale wa Bara Hindi walikiita madhumeha, yaani mkojo wa asali, kwa sababu waliona sisimizi wakiuendea mkojo wa mgonjwa. Walikitambua, lakini hawakuwa na dawa ya kukizuia kilipokuwa kikali. Ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipoipata insulini mjini Toronto, Kanada. Na mwezi Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Siku aliyozaliwa Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani. Mwaka 2020 siku hiyo iliangukia Diwali yenyewe, taa zikiwaka na sahani za ladu na jalebi zikipita mkono kwa mkono. Wengi wetu tulicheka, lakini tulielewa maana yake.

Tuna sababu ya kuelewa. Watu wenye asili ya Asia Kusini hupatwa na kisukari cha aina ya pili wakiwa na umri mdogo zaidi, na hata wakiwa na uzito ambao kwa watu wengine usingetia shaka. Ndiyo maana wataalamu wametuwekea kipimo kikali cha kiuno: mwanamume asifikie sentimita 90, na mwanamke asifikie sentimita 80. Majirani zetu nao wasidhani kuwa haya ni ya Wahindi, wala ya matajiri. Foleni ya kliniki hapa Dar es Salaam ina dereva wa daladala, mama lishe, mwalimu mstaafu na mwenye duka, wote wameshika daftari la aina moja.

Basi siku hiyo huwaje? Asiyeijua aisikie. Mtu huamka kabla ya mapambazuko, hali kitu kwa kuwa ameagizwa damu ya kabla ya kula, na huwahi ili apate namba ya mapema. Hupimwa uzito na shinikizo la damu, hutobolewa kidole, kisha hukaa kwenye benchi. Muda huo wa benchi ndio wenye hatari isiyotajwa. Wapo wanaomeza vidonge vya kushusha sukari au kudunga insulini alfajiri kama kawaida, kisha wakakaa na njaa hadi saa tano. Sukari yao hushuka: jasho huwatoka, mikono hutetemeka, maneno huwapotea, na jirani wa benchi hudhani wamesinzia. Ndugu zetu, anayekwenda kupimwa kabla ya kula aulize mapema dawa ya asubuhi ainywe lini, na abebe chakula cha kula mara damu inapotolewa. Sukari ikishuka chini ya 4, dawa yake ni gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai katika maji au kiasi kama hicho katika juisi. Kisha angoje dakika 15 na kupima tena.

Jambo la pili ni hesabu. Wapo wanaojinyima siku tatu kabla ya kliniki, wakanywa maji ya karela asubuhi na jioni, ili daktari aone namba nzuri. Namba ya kidole huweza kupendeza kweli. Lakini kipo kipimo kingine, kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa sababu sukari huganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takribani siku 120. Kwa wengi shabaha ni chini ya asilimia 7, ingawa kwa mzee sana au mwenye maradhi mengine daktari huweza kulegeza. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amkumbushe daktari, maana kipimo hicho chaweza kumdanganya. Kwa wengine wote, kipimo hiki ni kama mtunza hesabu wa duka: hakitazami fedha iliyomo kwenye droo leo, hutazama kitabu chote cha robo mwaka.

Lakini kwa nini mtu amfiche mganga wake? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wengi hawaogopi sindano, huogopa kuaibishwa. Mmoja wetu alisomewa namba yake kwa sauti mbele ya foleni nzima, akaulizwa, "Bibi, umekula nini tena?" Alirudi nyumbani, na hakuonekana kliniki kwa miezi minane. Mwingine, katika kliniki nyingine, alikuwa na namba mbaya kuliko hiyo, lakini muuguzi alifunga mlango, akavuta kiti, akamwuliza, "Mama, tangu tuonane hali ya nyumbani imekuwaje?" Akaeleza kwamba mumewe amelazwa, kwamba vijiti vya kupimia sukari vimemwishia na fedha imekwenda kwenye matibabu ya mume, na kwamba chakula chake ni mabaki ya wajukuu. Namba ile ile, lakini katika chumba cha pili ilipata maelezo, na kwenye maelezo ndimo matibabu yalimopatikana.

Hata sisi wenyewe nyumbani na hapa hekaluni tuna sauti hizo mbili. Mzee anaponyosha mkono kupokea prasadi na kijana akasema mbele ya watu, "Bapuji, si una sukari?", kijana huyo anadhani amemlinda. Kumbe amemfundisha kula kwa kujificha. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba mara nyingi mtu hafichi mpaka afichishwe.

Kuna na suala la lugha. Ba zetu wengi husema Kigujarati au Kikutchi, na hupelekwa kliniki na mjukuu awe mkalimani. Mjukuu ni mwema, lakini bibi hawezi kusema mbele yake kwamba haja ndogo humtoka usiku, au kwamba ameacha vidonge kwa kuwa humsumbua tumbo. Kwa hiyo husema, "Mwambie niko vizuri." Daktari huandika kwamba yuko vizuri.

Sasa tuzungumzie macho na figo kwa kifupi, kwa kuwa havina kelele. Kisukari huharibu mishipa midogo nyuma ya jicho na ndani ya figo bila maumivu yoyote. Kwa hiyo kila mwaka macho yapimwe kwa dawa ya kupanua mboni, na mkojo upimwe protini hata kama mtu anaona na anakojoa kama kawaida. Siku ya macho nenda na mtu, wala usiendeshe gari, maana mwanga huumiza na kuona hufifia kwa saa kadhaa.

Miguu tutaikawilia, kwa sababu inahusu hekalu hili. Sisi huingia mbele ya Bwana miguu mitupu, na desturi hiyo twaipenda. Lakini kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Kliniki hupima kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10: mgonjwa hufumba macho, uzi hugusishwa kwenye unyayo, naye husema kama amesikia. Asiyesikia uzi huo hatasikia mwiba, wala hatasikia moto. Mmoja wetu, aliyeturuhusu kueleza haya bila jina lake, alizunguka madhabahu moja ya hija saa saba mchana juu ya sakafu ya mawe yaliyochomwa na jua. Hakusikia kitu. Jioni alikuta malengelenge, akayafunga kitambaa, akaendelea na safari. Siku zake mbili za kliniki zilikuwa zimepita bila kuhudhuria. Aliporudi alipoteza vidole viwili vya mguu, na madaktari walimwambia kwamba uzi ule wa nailoni ungemwonya mapema. Kila usiku basi, tazameni nyayo zenu, na asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe wa nyumbani amtazamie.

Na mifungo? Mtu hudhani kufunga Ekadashi au Navaratri ni kupumzisha sukari. Tukitazama sahani ya mfungo, mara nyingi ina viazi, na sabudana ambayo ni punje za wanga wa muhogo, na peremende za maziwa usiku. Sukari huweza kushuka mchana na kupaa usiku katika siku moja. Ndugu zetu Waislamu wanalijua jambo hili katika Ramadhani, na wengi wao wana desturi njema ya kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili dawa zipangwe upya. Desturi hiyo twaweza kuiazima bila deni. Wala dini zetu hazimlazimishi mgonjwa kujidhuru: aliyezuiwa kufunga chakula aweza kufunga ulimi, au kufunga kwa kuhudumia wengine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hatukuja kulalamika tu. Tunayo maombi manne.

Kwanza, njia ya kuzunguka madhabahu iwekewe mkeka au zulia, na mwenye kisukari aruhusiwe soksi safi bila kuulizwa.

Pili, kando ya ladu pawepo prasadi ya matunda au lozi, ndogo na yenye heshima ile ile, mtu achague kimya kimya.

Tatu, tuwe na orodha ya wasindikizaji, watu wazima wenye kujua lugha za wazee wetu, watakaokwenda nao kliniki na kujua lini wakae ndani na lini wasubiri nje.

Nne, kila mwezi Novemba ukumbi huu ufunguliwe siku moja kwa ajili ya kupima sukari, shinikizo na miguu kwa mtaa mzima, pasipo kuulizana dini wala kabila. Na atakayekutwa na namba kubwa aambiwe faraghani, kwenye kiti, mlango ukiwa umefungwa.

Hekalu husimama kwa mawe, lakini huendelea kwa watu wanaopanda ngazi zake. Tungependa wanaopanda leo wawepo katika maadhimisho yajayo, wakiona taa kwa macho yao na kusimama kwa miguu yao miwili. Siku ya kliniki ni sehemu ya ulinzi huo. Mwenye daftari asiliache kabatini. Mwenye mzazi mgonjwa aulize kwa upole tarehe yake ni lini. Na jirani anayesikia kiu isiyoisha, akaamka usiku mara nyingi, akapungua bila sababu, asingoje mwaka wa pili, akapime wiki hii.

 Mungu aibariki nyumba hii, awabariki na majirani zake wote. Om Shanti.